Uso Uliobaki Vidoleni

Diski nne zilikuwa mezani juu ya gazeti la zamani, na Mama Wino alikuwa ameshalamba kidole gumba tayari kuzijaribu ni ipi isiyofutika. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu kucha zake hazikuwahi kuonekana safi tangu aanze kazi ya kuchapa. Leo bluu, kesho nyekundu, na mtu akifariki mtaani, nyeusi tii. Mumewe alipiga video za harusi na za kwaya. Watu walimwita Dairekta kwa utani, yeye akalipokea jina kwa moyo wote kana kwamba amepewa cheo na serikali. Alisimama nyuma ya mkewe na kikombe cha chai.

"Anza na hiyo ya stika," alisema.

Hiyo haikuhitaji hata kidole. Ilikuwa imekaa dirishani tangu asubuhi, na jua lilikwisha kuinua ukingo wake. Jirani yao dereva wa teksi hakutaka hata kuisikia. Kuna siku diski yenye stika ilibanduka ndani ya redio ya gari lake, redio ikaimeza na kukataa kuitema, na tangu hapo abiria wake walisafiri wakimsikiliza yeye, jambo ambalo hakuna aliyelifurahia. Mama Wino akaisukuma pembeni.

Ya pili ilichapwa kwa joto na utepe kwenye duka moja la katikati ya mji. Ilistahimili mate, maji na kucha. Lakini ilikuwa na rangi moja tu, na mashine haikuwa yao, na mwenye duka alitoza kwa kila diski kana kwamba anaiuza upya. Ya tatu ilikuwa ya skrini, kazi ya mikono ya Mama Wino mwenyewe: fremu, kitambaa, raba ya kusukumia wino, kila rangi na fremu yake. Wino wa skrini ulishika kiasi kwamba hata msumari ulishindwa. Kwa maandishi hakuna kilichoweza kuishinda. Shida ilikuwa uso. Marehemu mwalimu wa kwaya, ambaye uso wake ndio uliotakiwa kukaa juu ya diski za nyimbo za kwaya hiyo, alitoka na madoa badala ya mashavu.

"Mwalimu anafanana na mtu anayetafutwa na polisi," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango. Wote watatu wakacheka hadi chai ya Dairekta ikamwagika.

Kisha wakaitazama ya nne, na kicheko kikaisha. Hiyo ilichapwa na printa ya wino moja kwa moja juu ya diski yenye uso mweupe. Mwalimu alikuwapo mzima: pengo la meno, kovu kwenye nyusi, tabasamu lake la upande mmoja. Huyo ndiye aliyewapa kazi yao ya kwanza wakati hata kamera ilikuwa ya kukodi. Mama mkwe alijifuta macho kwa upindo wa khanga.

Mama Wino akabonyeza kidole chake chenye mate juu ya uso. Alipokiinua, pua ya mwalimu ilikuja nacho.

"Aa, nani atalamba diski?" Dairekta alisema. "Watu wanasikiliza diski, hawazinyonyi."

"Mikono ina jasho, mume wangu. Ukumbi ule wa uzinduzi una joto kama tanuri."

Alikwenda uani, akachukua kopo la vanishi ya kupuliza lililokuwa na tone la mwisho, akapulizia diski nyingine ya wino, akaisubiri ikauke, akapulizia tena. Kisha akaipeleka bombani na kuisugua kwa kitambaa mbele yao. Pua ilibaki mahali pake.

"Basi," alisema. "Printa ya wino, na vanishi mara mbili. Bila vanishi haitoki hata moja mlangoni." Dairekta akakubali. Kwaya ikakubali pia, ikatoa malipo ya awali, na pesa ya vanishi ilikuwa ndani yake.

Mama Wino alichapa, na Dairekta akachukua upande wa vanishi. Alisema harufu yake itamuua mama, kifua chake kibovu. Angezipeleka kwenye karakana ya rafiki yake seremala, kule kuna hewa. Hilo lilikuwa na akili, na mama mkwe alimwombea heri mwanawe kwa kumjali. Diski zilikwenda zikiwa zimepangwa kwenye vibao, zikarudi zikiwa ndani ya makasha yake, tayari kwa kuuzwa.

Mama Wino akafungua kasha moja, akaigeuzageuza diski kwenye mwanga.

"Mbona haing'ai?"

"Nimenunua ile isiyong'aa. Inaonekana ya heshima zaidi. Ya kung'aa ni ya wahuni."

Kidole gumba kilikuwa kimeshafika mdomoni. Dairekta akaushika mkono wake, akicheka. "Wacha kulamba mali za watu, mama. Pumzika." Naye Mama Wino alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na mwanamke akianza kupima kila neno la mumewe kwa mate ataishi vipi? Akaurudisha mkono.

Siku ya uzinduzi wa diski Dairekta alitoka chumbani amevaa koti jipya la kijivu na viatu vya kuchongoka. "Nimeazima," alisema kabla ya kuulizwa.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye madirisha. Mjane wa mwalimu aliketi mbele, amevaa gauni jeupe, na katibu wa kwaya akamkabidhi diski ya kwanza, akaitoa kwenye kasha ili watu wote waione. Mjane aliipokea kwa mikono miwili. Kwaya ilipoanza kuimba aliikumbatia kifuani, akafumba macho, akayumba na wimbo. Mlangoni watu walinunua, wakafungua makasha papo hapo ili wamwone mwalimu wao, wengine wakajipepea na diski zenyewe.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mtoto. "Mama, babu ametoka!" Mama yake akamfinya. Kisha mzee mmoja akajitazama kiganja. Kisha msichana akaona doa kwenye sketi yake. Nyuso za mwalimu zilikuwa zikihama kutoka kwenye diski kwenda kwenye mikono, mashati, vitabu vya nyimbo, na kitambaa cheupe cha meza ya mlangoni ambacho kila mtu sasa alikifutia vidole. Mbele, mjane alifumbua macho na kuteremsha diski. Kifuani pake palikuwa na doa la kahawia lenye upana wa kiganja, na juu ya diski mumewe alikuwa hana macho.

Hakulia. Alijaribu kuufuta uso ule kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na kadiri alivyofuta ndivyo alivyozidi kuuondoa. Mama Wino alikuwa amesimama karibu na nguzo ya nyuma. Aliokota diski moja iliyotupwa chini, akaipitishia kidole kikavu, bila hata mate. Rangi iliyolowa jasho ikamjaa kidoleni. Akainua macho, akamtafuta mumewe. Dairekta alikuwa jukwaani na koti lake, anarekebisha nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Hujapuliza," alimwambia walipofika nyumbani. Hakuuliza.

"Nilipuliza kidogo."

"Hujapuliza hata tone. Pesa ya vanishi iko wapi?"

Dairekta alikaa kitandani, akaanza kufungua viatu taratibu mno. "Wewe ulitaka nisimame mbele ya watu wote wale na shati langu lililofifia kola? Viongozi wa kwaya zote walikuwepo. Mtu anaangaliwa kwanza, ndipo kazi yake inaangaliwa."

"Kwa hiyo umeivaa."

"Nini?"

"Vanishi. Umeivaa. Imekutosha vizuri, hongera."

Chumba cha pili mama mkwe alikohoa, na nyumba ile ilikuwa na kuta ambazo kikohozi kilipita bila kubisha hodi. Dairekta akashusha sauti. Hapo ndipo alipolitoa lile alilokuwa amelitunga njiani.

"Sikiliza, mke wangu. Katibu atakuja. Yeye ndiye anayewashauri wenzake wa kwaya nyingine wapi wapeleke kazi. Jina langu likichafuka, tumemwaga unga. Wewe uko ndani, hakuna anayekujua kule kwenye kwaya. Sema ni wewe. Sema ulisahau kupuliza. Mwanamke akikosea watu wanasema kachoka, wanasamehe. Mwanamume akikosea wanasema mwizi."

"Na si wizi?"

Dairekta aliendelea kuitazama soli ya kiatu. Mama Wino alipandwa na hasira, na pamoja nayo ikaja hesabu ile ile ya kila siku: kodi ya nyumba, dawa za kifua za mama mkwe, karatasi, wino. Mumewe alizijua hesabu hizo vizuri. Alikuwa ameziweka mezani kwa makusudi bila kuzitaja, na huo ndio ulikuwa uoga wake mkubwa zaidi.

"Nitasema," alijibu mwishowe. "Mara moja tu."

Katibu alikuja na wajumbe wawili. Walipewa viti vyote vya nyumba, kwa hiyo Mama Wino akasimama. Katibu alikuwa mtu wa kupanga maneno yake kama anayesoma risala.

"Ndugu, tumesikitika sana. Tulikuamini. Tungependa kujua ilikuwaje."

Dairekta akamtazama mkewe. Mama Wino akakunja mikono mbele ya gauni.

"Ni mimi," alisema. "Nilisahau kupuliza vanishi. Mnisamehe."

Katibu akageuza shingo pole pole, kama vile kabati limeongea. "Wewe? Mama, ulikuwa unawaza nini? Uso wa marehemu! Unajua mjane yule hajatoka nje tangu siku ile?"

"Najua. Mnisamehe."

"Kusahau! Mtu unasahau chumvi, sawa. Kazi ya watu unaisahauje?"

Mjumbe mmoja akatikisa kichwa na kuguna. Ingeishia hapo, pengine Mama Wino angeyameza yote na maisha yakaendelea, maana ndivyo walivyokubaliana. Lakini Dairekta alinogewa. Aliona mambo yanamwendea vizuri, akaongeza ambalo hawakukubaliana.

"Nilimwambia, mzee. Mara mbili nilimwambia, mke wangu, usisahau vanishi. Lakini hawa wenzetu, mawazo yao..." Akazungusha kidole karibu na sikio, akatabasamu kidogo kiume. Katibu naye akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kulegea tangu aingie.

"Basi tutafanya hivi," katibu alisema. "Mtazichapa upya kwa gharama zenu. Na kwaya mbili za wenzetu zina kazi, tutaileta kwako, kwa sharti moja. Mkono wa huyu mama usiguse. Ufanye mwenyewe."

"Nimekuelewa, mzee. Nitamweka pembeni."

Mama Wino aliiangalia mikono yake. Kila diski iliyowahi kutoka kwenye nyumba ile ilikuwa imepita humo. Dairekta hakujua hata diski inawekwaje kwenye trei ya printa. Sasa ataamkia kuchapa mlango ukiwa umefungwa, kama mpishi wa pombe ya magendo, na mumewe atapokea asante sebuleni. Katibu alipokuwa anatoka alimpita bila kuaga.

Ndivyo ilivyokuwa. Alichapa, akapuliza vanishi mwenyewe uani huku amejifunga kitambaa puani, mama mkwe akiwa amehamishiwa kwa jirani mchana kutwa. Dairekta alining'inia mlangoni na kumwonya asijitokeze mtu akibisha. Siku moja alibisha mjane.

Hakumtaka Dairekta. Alimpita kwa salamu fupi, akaenda moja kwa moja uani, na kumkuta Mama Wino na kopo mkononi. Mama Wino alilificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari, na papo hapo akajichukia kwa kulificha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikai." Mjane alifungua viganja vyake. Vilikuwa safi. "Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa na mikono hivi. Niliogopa kunawa. Nilijiambia nikinawa ndio namwosha. Nililala nayo. Kesho yake mwanangu wa mwisho akanishika, akaninawisha yeye."

Mama Wino akalitoa kopo mgongoni, akaliweka chini.

"Nilikuwa na kinyongo na wewe, dada. Kikubwa sana. Nimekuja kukuambia kimekwisha. Nimekusamehe."

Kutoka sebuleni kikasikika kikohozi cha Dairekta, kikavu, cha kukumbusha. Mama Wino akautazama mlango wa sebule. Akasema, "Asante, dada," na mjane akamkumbatia, akaondoka.

Matusi ya katibu aliyavumilia. Msamaha huu ulimshinda. Kusamehewa kwa kosa la mtu mwingine, na mwanamke aliyelala na mikono michafu kwa kuogopa kumwosha mumewe! Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa hasira, kilio cha kuuma meno, na mumewe alipokuja kumwambia "umefanya vizuri" alimrushia kopo. Lilimkosa sikio kidogo tu, na alistahili limpate.

Katibu alipokuja kuchukua diski mpya, gari lilibaki nje likinguruma. Maboksi yalikuwa yamepangwa sebuleni. Dairekta alimpokea kwa mikono miwili, akafungua kasha la mfano, akamiminia diski maji kutoka kwenye glasi kama mfanya mazingaombwe. Mwalimu hakubanduka hata unyusi.

"Sasa hiyo ndiyo kazi ya mwanamume!" katibu alisema.

Alipoinama kuchukua boksi la kwanza, Mama Wino alitoka chumbani, akaketi juu ya boksi hilo.

"Mama, tafadhali," katibu alisema.

"Halitoki, mzee. Mume wangu ana neno."

Dairekta akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akamwinamia mkewe sikioni. "Usinivue nguo mbele ya watu. Utaivunja nyumba hii."

"Sema."

"Nitakununulia chochote unachotaka."

"Sema, au nikae hapa mpaka gari liishe mafuta."

Mama mkwe, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta na kunyamaza kwa sababu aliyekosea ni mwanawe wa tumboni, alikigeuza kiti chake kuelekea sebule. "Sema, mwanangu," alisema. "Nimechoka kukohoa ili nisisikie."

Akasema. Alisema akiangalia sakafu, kwa maneno yaliyokuwa yakikatika: pesa ya vanishi, koti, karakana ambako diski hazikuwahi kufika. Alisema mkewe hakusahau kitu. Alipomaliza, kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

Katibu alinyoosha mgongo. Kisha akampiga Dairekta begani.

"Binadamu tunateleza. Haya ni mambo ya ndani, ya mume na mke, mtayamaliza wenyewe. Sisi muhimu diski ziko sawa."

"Ya ndani?" Mama Wino alisimama. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na hakuishusha. "Ilipokuwa mimi mlikuja watatu. Mlikalia viti vyangu, mkaniuliza nawaza nini. Mkaenda mkalitangaza kwa mjane wa watu mpaka akaja kunisamehe. Haikuwa ya ndani siku ile! Leo imekuwa yeye, imekuwa ya ndani?"

"Mama, punguza jazba."

"Sipunguzi."

Katibu alitazama saa yake. Akamgeukia Dairekta, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na ndivyo watu wote walivyozoea. "Fundi, ile kazi ya wenzetu itaanza lini?"

Dairekta alifungua mdomo. Kisha akamtazama mkewe, kama afanyavyo kila akiulizwa tarehe. Mama Wino alikuwa anamtazama katibu. Nje dereva akapiga honi. Katibu alisubiri, akakohoa, na mwishowe, kwa shida ya mtu anayesogeza jiwe, akamgeukia yeye.

"Mama. Itaanza lini?"

"Mlisema mkono wangu usiguse," alisema. "Diski hizi mnazozisifia nimezichapa mimi, na zile za mwanzo nilizichapa mimi. Kwa hiyo nendeni pale pale ukumbini, mbele ya wale wale, mjane akiwepo. Mseme nani alikosea, na mseme mkono wangu uguse. Hapo nitawapa tarehe."

"Mbele ya kwaya nzima?"

"Nzima."

"Hilo, kwa kweli... itabidi niulize kamati."

"Kaulizeni."

Akasogea, akamwachia maboksi. Yalikuwa yamelipiwa tangu mwanzo, na yalikuwa ya mjane kuliko ya mtu mwingine yeyote, na hakuwa na ugomvi naye. Katibu aliyabeba mwenyewe, moja moja, bila kusaidiwa. Gari liliondoka. Dairekta alibaki amesimama katikati ya sebule iliyokuwa tupu ghafla.

"Wasiporudi je?" aliuliza.

Mama Wino alikuwa ameanza kuosha fremu za skrini karoni. Kulikuwa na fulana za timu ya mtaani zinazongoja namba mgongoni, kazi ndogo, ya rangi moja.

"Wasiporudi tutalala njaa wote wawili," alisema. "Aibu niliibeba peke yangu."